Dari ya Gari Ilivyomuumbua Jamaa wa Mapera Wiki Mbili Kabla ya Harusi ya Dada Yake

Klipu yenyewe ilikuwa ya sekunde 11 tu. Dada kakaa siti ya nyuma ya Corolla, kitambaa cha dari kimemshukia mpaka kwenye rasta. Anakiinua kwa kidole kimoja, anakiachia, kinamrudia usoni. Chini kaandika: "Wadau nipo kwenye chandarua, mbu hawanipati." Akatupia stetasi. Mpaka jioni ilikuwa imeshafika Mbinga mjini, Songea, na kwa ndugu wa Dar ambao hawajakanyaga Mapera tangu wamalize la saba.

Mwenye gari aliiona kwa mtu wa tatu. Alikuwa stendi anasubiri abiria, maana gari yake ni mchomoko, asubuhi anapeleka watu Mbinga mjini na jioni anawarudisha. Dereva mwenzake akamwonyesha simu huku anacheka. Jamaa naye akacheka. Ungefanyaje?

Sasa hapo ndipo penye noma. Aliyerekodi hakuwa abiria wa kuokota njiani. Ni shosti wa dada yake, na ndiye mpambe kwenye harusi iliyobakiza wiki mbili. Dada mtu anaolewa Mbamba Bay, kule ziwani, na baba yao alishafariki. Ilikuwa imepangwa zamani kwamba bibi harusi atapanda gari ya nyumbani, kaka yake mwenyewe akiendesha. Usiku ule bibi harusi akamfuata kaka yake jikoni, akaongea kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi.

"Kaka, usichukie. Tukodi gari nyingine ya siku ile. Shela itanasa kwenye zile pini."

Zile pini alizichomeka mzee. Gari mzee aliinunua kwa hela ya kahawa, na kitambaa kilipoanza kushuka akawa anakibana kwa pini za ubao wa matangazo, moja moja, kila mwezi anaongeza. Alivyoondoka duniani dari ilikuwa na mabonde kama ngoro za shambani. Jamaa hakumjibu dada yake. Alitoka nje akaenda kukaa ndani ya gari gizani, kitambaa kimemgusa kichwa.

Tukiweka utani pembeni, wale mnaodhani dari ikishuka basi mwenye gari ni mchafu au gari ni kimeo, punguzeni. Kile kitambaa hakijabandikwa kwenye bati. Juu kuna bodi nyepesi iliyofinyangwa kufuata umbo la paa, na kitambaa kimekuja kikiwa na sponji nyembamba kwa nyuma. Gundi inashika sponji, sponji inashika kitambaa. Miaka ikienda, joto la paa linaila ile sponji mpaka inakuwa unga. Corolla 110 zilianza kutengenezwa 1995, kwa hiyo sponji yake nyingine ina umri mkubwa kuliko wewe unayesoma hapa. Ndiyo maana pini hazisaidii, na kuchomeka sindano ya gundi kwa nje ndiyo kabisa hakuna kitu. Unabandika kwenye unga. Wiki ijayo kimeshuka tena, safari hii na madoa.

Jamaa alimpigia fundi wa viti Songea, akatajiwa bei. Hela yote ilikuwa imeshaingia kwenye ng'ombe na maturubai. Akanunua bando, akakesha anaangalia video za wazungu wanaofanya wenyewe. Wale wana gereji zenye taa kila kona. Yeye akaangalia uani kwao akaona kitu kimoja tu chenye urefu wa kutosha na kimenyooka: kichanja cha mama yake cha kuanikia kahawa.

Mwezi wa saba, msimu umechanganya, halafu unamwomba mama wa Kimatengo kichanja cha kahawa ukatengenezee gari! Mama alimwangalia muda mrefu.

"Siku moja tu, baba. Kahawa ikinivunda utaniambia nini?"

Kung'oa kulikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Alitoa vile vibao vya kukinga jua, vishikio vya abiria, taa ya ndani, plastiki za kwenye nguzo za milango na mikanda ya pale juu, akachomoa mpira wa milangoni. Kila skrubu aliiweka kwenye kikombe chake, na kila kikombe kaandika kwa kalamu. (Wenye gari za miaka ya karibuni, angalieni: nyingi zina mifuko ya hewa juu ya madirisha. Hiyo siyo ya kuchokonoa na bisibisi ya jirani, mpelekee anayejua.) Siti ya mbele akailaza mpaka mwisho, bodi ikatoka kwa mlango wa abiria, yeye mbele, mdogo wake wa kiume nyuma, wanaibeba kama maiti. Bodi ile ukiikunja kidogo tu inapasuka, na ikipasuka umeumia, maana kiraka chake kitaonekana mpaka kesho kutwa.

Pini alizihesabu. Zilikuwa 43. Akaziweka kwenye kopo la Blue Band. Nyuma ya plastiki ya nguzo ya kushoto zikadondoka punje sita za kahawa kavu, za enzi mzee anabeba magunia humo humo. Mama alizikuta juu ya mkeka, akaziokota akafunga kwenye pindo la kanga. Hakusema kitu.

Halafu jamaa akaharibu.

Alikuwa kanunua kitambaa cha pazia, kizuri, rangi ya maziwa, bei chee. Kimekaa chenyewe, hakina sponji. Akaamka saa 12 asubuhi ili kichanja kirudi mapema kwa mwenyewe. Anayeijua Mapera mwezi wa saba anajua hiyo saa ikoje: ukungu umeshuka mpaka mlangoni, ukiongea mdomo unatoa moshi. Akapaka gundi ya kopo, ile ya fundi viatu, akapaka nyingi ili ishike haswa, akasubiri dakika tano kama video ilivyosema, akabandika. Ile video ilirekodiwa kwenye joto! Gundi ya aina hiyo inatakiwa ikauke kwanza pande zote mbili, ukigusa kwa kidole inavuta lakini haikupaki. Kwenye baridi na unyevu dakika tano ni sawa na hujasubiri. Gundi ikapenya kwenye pazia, ikatokea upande wa pili kama jasho la kwapani. Saa nne jua lilipochomoza vizuri, mapovu yakaanza kuinuka moja moja, yeye anakandamiza hapa, yanainuka pale.

Siku tisa kabla ya harusi. Dada yake alipita, akaangalia, akaingia ndani. Jamaa akachukua simu kutafuta namba ya mwenye gari ya kukodi.

Aliyemzuia ni mama, na wala siyo kwa maneno ya kumtia moyo. Mama ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na kitu anashona sare za shule. Alichofanya ni kushika kile kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta.

"Hiki hakivutiki. Utakilazaje kwenye kona? Hata ungeweka gundi ya serikali, kingebaki na makunyanzi." Akakizungusha. "Na hakina nyama nyuma. Kila unachopaka kitaonekana."

Hela ya kitambaa cha pili ilitoka kwa mama, kwenye malipo ya sare. Kikaagizwa Songea, kikaja na basi: kile chenyewe cha magari, chenye sponji yake nyuma, kinachovutika. Safari hii aliulizia na gundi inayovumilia joto, kwa sababu mtu mmoja stendi alimwuliza swali ambalo hakuwa amelifikiria. "Huku baridi sawa. Sasa ukishuka nayo ziwani?"

Kweli. Kutoka Mbinga mjini ni kilomita 67 za lami mpaka Mbamba Bay, na kwa jumla unashuka. Huku juu milima inakaribia mita 2,000, kule ziwa liko kwenye karibu mita 470. Unaondoka na sweta, unafika unatafuta kivuli. Na gari iliyofungwa vioo juani ni oveni. Gundi ya viatu ikipata lile joto inalainika, kitambaa kinaachia. Yaani ingeweza kushika vizuri Mapera yote, halafu ikamshukia bibi harusi mbele ya wakwe.

Safari ya pili hakuna aliyeamka alfajiri. Walisugua bodi kwa brashi ya nguo mpaka unga wote wa sponji ukaisha, wamejifunga vitambaa puani, na hiyo ndiyo kazi inayochosha kuliko zote na ndiyo ambayo watu wanairuka. Wakangoja jua la saa sita. Jiko la mkaa likahamishwa mbali, maana moshi wa ile gundi na moto havijuani. Mama akakilaza kitambaa juu ya bodi, akakikunja nusu. Wakapaka nusu ya bodi na nusu ya kitambaa, tabaka jembamba, wakasubiri. Mama ndiye aliyekuwa anagusa kwa kidole. "Bado." Tena, "Bado." Halafu, "Haya." Akaanza katikati kwa kiganja, anasukuma kwenda pembeni polepole, kwenye mabonde anasukuma kwa ngumi bila kuvuta. Kisha nusu ya pili. Pembeni waliacha vidole viwili vya kukunjia nyuma. Matundu ya taa na vishikio yalikatwa mwishoni, kwa wembe.

Limebaki povu moja tu, karibu na taa ya ndani, ukubwa wa sarafu ya 200. Kahawa ilikaa chini kwenye turubai siku mbili badala ya moja, na mama bado analisema hilo.

Siku ya harusi bibi harusi alipanda gari ya nyumbani. Aliinama kuingia, shela imebebwa na mpambe, wakakaa nyuma wawili. Hakuna aliyeangalia juu. Walikuwa wanabishana kuhusu viatu mpaka Mbinga mjini.

Mbamba Bay gari ilipaki nje ya kanisa, juani, kivuli chote kimeshachukuliwa na magari ya upande wa bwana harusi. Misa ikaanza. Kaka wa bibi harusi, suti yote, akachomoka mara ya kwanza kwenda kuangalia dari. Iko sawa. Akarudi kabla ya viapo, akawaona wanavishana pete, akapiga makofi. Akachomoka tena. Akafungua mlango, joto likampiga usoni, akapitisha kiganja juu kuanzia kioo cha mbele mpaka nyuma. Kavu. Imeshika.

Mara ya tatu alimkuta mpambe kakaa siti ya nyuma, kavua viatu virefu anavaa ndala, kichwa kakiegemeza anaangalia juu.

"Kaka, hii si ile gari?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Si urekodi sasa?"

Dada akapapasa pochi, akatoa simu, akabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili.

"Aisee. Imezima chaji."