Sare Si Kushindwa



Desemba iliyopita mwanangu na binamu yake walikuja likizo hapa kwetu Karagwe kutoka Dar es Salaam, ambako kila mmoja anachezea klabu yake ya sataranji, mchezo ambao vijana huuita chesi. Walikuwa wamekutana katika mashindano, na jioni moja barazani wakaurudia mchezo wao, kete kwa kete, nami nikichambua maharage.

Walilana kete hadi wakabaki wafalme wawili na askari wachache waliotazamana uso kwa uso, hakuna wa kupita.

"Sasa nani alishinda?" nikauliza.

"Hakuna, Mama. Tulitoka sare, kila mmoja akapata nusu pointi."

"Kwa nini hukuendelea kumbana?"

"Ningelazimisha, ningefungua njia ya kufungwa mimi."

Maneno yale yalinichoma. Mimi na mume wangu tulikuwa wiki ya tatu hatusemezani ila kwa salamu. Alikuwa ameuza kahawa ikiwa bado maua shambani, ile tunayoiita butura, bila kunishirikisha. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi nami nilikuwa nimemkopesha mdogo wangu fedha za ada ya binti yetu, nikaficha.

"Anayetaka sare hufanyaje?"

"Husogeza kete yake kwanza, ndipo hutamka, kisha hubonyeza saa. Utaratibu ni kucheza zamu yako kwanza."

Usiku ule nilicheza zamu yangu. Nilimweleza mume wangu habari za ada, nikaomba msamaha, wala sikutaja kahawa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama watoto, hata mimi nilikosea." Kahawa haikurudi, na Januari ada tuliitafuta kwa shida. Ila tangu hapo hakiuzwi wala hakikopeshwi kitu kabla hatujaketi wawili.

Si kila jambo lina sare. Sisi wauguzi huwapokea akina mama waliopigwa. Mama wa namna hiyo asaidiwe, asiambiwe tu avumilie. Lakini katika ugomvi wetu wa kila siku, Warumi 12:18 yatukumbusha kutimiza sehemu yetu katika kutafuta amani. Dada yangu, zamu yako umeicheza?