Goma: Sura ya papa kwenye ordinatere

Mama mmoja aliyekimbia vita toka Rutshuru alipoteza picha zote za bwana yake marehemu. Nyumba iliungua, simu ikaibiwa. Huko Goma, kijana fundi wa picha akamuuliza: "Mama, paji la uso lilikuwa namna gani? Na pua?" Kwa programu ya bure, Blender, akafinyanga kichwa na mabega kwenye ordinatere, kama udongo. Juu yake akaunganisha picha za mawe ya volkano na za kikwembe alichokimbia nacho mama. Macho hakuyaweka, mama alikataa yakisiwe.

Watoto wakasema: "Huyu si papa."

Mama akatazama sana. "Mabega ni yake."

Umeme ukakatika. Akaomba wangoje urudi, ili kitinda mimba, asiyemjua baba yake, naye aone.