Jani Halisahau Kiu

Chukua sahani ya kawaida ya mchana hapa Likoni: ugali na mchicha wa nazi. Mahindi na mchicha viko upande mmoja, nazi iko upande mwingine. Si mambo ya ladha haya, ni mambo ya kaboni.

Hewa ina kaboni-12, ile nyepesi, karibu asilimia 99, na kaboni-13, nzito kidogo, kama asilimia 1 hivi. Mmea unapojipikia chakula kwa jua hupenda ile nyepesi. Mnazi, muhogo, kunde na miti mingi huchagua sana. Mahindi, mtama, mchicha na nyasi nyingi za sehemu za joto hazichagui vile, kwa hivyo hubaki na kaboni-13 zaidi. Ukipima jani, hata likiwa limesagika unga, utajua limetoka upande upi.

Halafu kuna kiu. Jani lina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Ardhi ikikauka, mmea huvifunga ili usipoteze maji. Sasa kwa ile mimea inayochagua, hewa ikishafungiwa ndani hakuna tena nafasi ya kuringa: hata kaboni nzito inatumika. Ndiyo maana jani hubaki na alama ya ukame mwilini mwake.

Haya niliyasoma kwa simu, usiku, baada ya kuacha chuo karo iliposhindikana. Siku hizi naandika matangazo ya nyumba za wageni, kila moja ati iko hatua chache tu kutoka baharini. Hakuna anayenilipa nisome habari za majani. Nilikuwa na sababu yangu.

Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, bibi yangu kule Kinango alibaki na ng'ombe mmoja. Kina mjomba wakaanza kusema shamba liuzwe. Hoja yao: huku kumekuwa kukavu tangu zamani. Bibi anasema alipoolewa kulikuwa na miti mpaka mlangoni. Kila mtu ana zamani yake. Mimi nikataka shahidi asiye na hisa kwenye shamba.

Shahidi niliyempata ni Ziwa Chala, karibu na Taveta, kwenye mpaka na Tanzania. Majani yana nta, na nta hiyo hupeperushwa, huoshwa na mvua, huzama, na haiozi upesi. Chini ya ziwa matope yamejipanga tabaka juu ya tabaka, jeupe na jeusi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya kaboni kwenye nta hiyo, kurudi nyuma miaka 25,000. Zama za barafu, nyasi ndizo zilizotawala kandokando ya ziwa. Kulikuwa kukavu na kaboni dioksidi hewani ilikuwa kidogo. Baadaye mvua na kaboni dioksidi zilipoongezeka, miti na vichaka vikapata nafasi. Mwaka 2016 wakachimba tena, zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa, wakatoa matope ya karibu miaka 250,000.

Lakini Chala si Kinango. Nta ya ziwani ni mchanganyiko wa majani ya eneo zima, na haijui chochote kuhusu ng'ombe wa bibi. Pia haiwezi kuniambia ile miti ya mlangoni ilikaushwa na jua ama ilikatwa makaa. Ninachoweza kusema ni kwamba "tangu zamani" ya kina mjomba haina nguvu wanayodhani. Ukiifuata zamani ya kutosha, nyika imewahi kuwa kavu kuliko leo, na imewahi kupona. Kupona kwenyewe kulichukua maelfu ya miaka, na hilo halimsaidii mtu mwenye deni la duka.

Nilimweleza bibi yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hayo majani yako, mjukuu wangu, yamesema mvua inarudi lini?"

Hayajasema. Mwaka huu amepunguza mahindi na kuongeza mtama, maana mtama huvumilia. Kina mjomba wamekubali kungoja mavuno haya tu.