Zawadi ya Kuhesabu

Binti yetu anasoma uuguzi ku iniversite. Siku moja akatuletea habari: «Baba, nimepata zawadi ya takwimu!» Nikashangaa. Takwimu, ni kusema kukusanya hesabu na kuzisoma, si njo kazi ya wale wanaopima tani za shaba? Muuguzi naye?

Akanieleza: zawadi ile ni ya wanafunzi wa masomo yote, sheria ao ukulima, mradi hesabu isaidie kazi yao. Hata Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alihesabu askari waliokufa mu vita ya Krimea (1853–1856), akaonyesha kwamba magonjwa yaliua wengi kupita vidonda. Mwaka 1858 chama cha takwimu cha London kikampokea, mwanamke wa kwanza.

Yeye binti alipita mu kambi yetu nyumba kwa nyumba, akiandika: maji ya robine ao ya kisima? Watoto wangapi waliharisha?

Nikauliza: «Na kisima chetu?» Akanyamaza, akanipa karatasi. Wanaokunywa pale njo waliougua zaidi. Kisima kile nilikichimba mwenyewe.

Tangu siku ile tunachemsha maji. Wazazi, tusiwaulize watoto pointi tu. Tuwaulize pia wamehesabu nini.