Mlango Unaotaka Sahihi Mbili

Najua nimepotea hapa bloguni karibu wiki tatu. Wale mnaongoja sehemu ya pili ya mafunzo ya PHP, nisameheni, inakuja. Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nina kisa cha usiku mmoja hapa Kayole.

Mtoto wa dadangu, wa miaka miwili, alikuwa ameachwa kwangu. Wiki hiyo mifereji ilikuwa mikavu, tukanunua maji ya mkokoteni kama ploti nzima. Jioni akaanza kutapika na kuharisha. Kufikia saa nne usiku alikuwa ameharisha mara sita, macho yamedidimia, analia bila machozi. Mimi nikafikiria kifundi: nguvu zimeisha, basi tuongeze nguvu. Nikashuka dukani nikaleta soda, nikamnywesha karibu nusu chupa. Haikupita muda, akaharisha maji matupu.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, alisikia kilio akabisha. Akaiona chupa.

"Kijana wangu, unamkausha mtoto."

"Lakini mama, si anakunywa?"

"Anakunywa, ndiyo. Hayaingii."

Akaleta pakiti ya ORS kutoka kwake, tukachanganya na lita moja ya maji yaliyochemshwa. Kijiko kimoja kimoja, usiku kucha. Akitapika, tunangoja dakika kumi, tunaanza tena.

Neno hilo "hayaingii" lilinikaa kichwani, na mnavyonijua, nilienda kusoma. Seli za utumbo zimezungukwa na utando wa mafuta mwembamba ajabu, nanomita chache tu. Sukari na chumvi hazipenyi mafuta hayo. Hupitia milango ya protini, na kila mlango una wageni wake. Wasimamizi wa seva mtaelewa haraka: poti zote zimefungwa ila zile zilizoruhusiwa. Maji nayo hayasukumwi na pampu yake yenyewe. Hufuata chumvi na sukari zinakokwenda.

Mlango wenyewe unaitwa SGLT1. Glukosi ikija peke yake haipiti. Lazima ije na ioni mbili za sodiamu, ndipo wote waingie pamoja. Ni kama akaunti ya chama: mweka hazina akienda benki peke yake anarudi mikono mitupu. Robert Crane ndiye aliyelieleza wazo hilo kwenye mkutano kule Prague mwaka 1960.

Na nani analipia? Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ikila nishati kila mzunguko, mchana na usiku. Jens Skou wa Denmark aliandika juu yake mwaka 1957, akapewa Nobel mwaka 1997. Miaka 40! Nasi tunanung'unika mteja akichelewesha hundi mwezi mmoja.

Lililonishangaza zaidi ni kipindupindu. Sumu yake haivunji utando. Inaacha mlango wa kloridi wazi, chumvi inamwagika utumbuni, na maji yanaifuata. Lakini ule mlango wa sahihi mbili hauguswi, unaendelea kufanya kazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipungua, na daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sasa soda yangu. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100. Fomula ya ORS ya WHO ya mwaka 2002 ina glukosi gramu 13.5 kwa lita nzima, na chumvi gramu 2.6. Piga hesabu mwenyewe. Nilimimina sukari nyingi bila sodiamu ya maana, ikabaki nje ya mlango, ikawa inavuta maji kutoka mwilini mwake kuingia utumbuni.

Kama huna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe. Ukiona damu, au mtoto analegea au hawezi kunywa, usingoje asubuhi kama nilivyotaka kungoja mimi. Kimbia hospitali.

Saa kumi na moja alfajiri alikojoa kwenye shati langu. Sijawahi kufurahia kukojolewa namna hiyo. Kliniki walimpima, wakampa vidonge vya zinki, na jioni alikuwa anavuta nyaya za kompyuta yangu.

Dadangu huwa anasoma hapa. Dada, ile habari ya soda sikukuambia kwa simu. Nakuja Jumapili tuongee.