Kuosha Kalamu ya Upepo

Anayeiona matatu iliyopambwa ikipita Barabara ya Moi jijini Nairobi, sura ya mwanamuziki ikiwa ubavuni na zambarau ikiyeyuka taratibu hadi ikawa nyeusi, aghalabu huuliza ni nani aliyeichora. Haulizi ni nani aliyeosha. Swali hilo la pili halina mvuto, na hata fasihi, ambayo ni hodari wa kuwasifu wahunzi na waunda majahazi, humwacha fundi pale kazi inapokamilika. Haimfuati hadi kwenye karai.

Mzee mmoja wa Eastlands, aliyeanza kupamba matatu mwanzoni mwa miaka ya tisini, hulijibu swali hilo kila jioni bila ya kuulizwa. Siku hizi hapambi tena magari. Hutengeneza matatu ndogo za plaiwudi, zenye urefu usiozidi mkono, kwa kujifurahisha tu. Na hata zile anazobembelezwa auze huziachilia kwa shingo upande. Ala yake ni ile ambayo mafundi huiita ebrashi: kibomba cha chuma kinachoshikwa mfano wa kalamu, chenye kikombe kidogo juu na mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kompresa. Yeye huiita kalamu ya upepo. Waundaji wa istilahi pengine wangeridhika na “brashi ya hewa”, tafsiri sisisi, lakini jina la mzee lina macho zaidi. Ala hii haina unywele hata mmoja, wala haiugusi ubao unaopambwa.

Asili yake ni Marekani, ambako Abner Peeler wa Iowa alibuni kifaa cha kupulizia rangi mnamo mwaka 1879. Katika miaka ya 1890 Charles Burdick akakikaribisha kwenye umbo linalojulikana leo. Ndani mna sindano ndefu inayopita katikati hadi puani. Kidole kikibonyeza kifyatulio, hewa hutoka. Kikivuta nyuma, sindano hurudi na kuacha mwanya, nayo hewa huinyonya rangi na kuipasua ikawa ukungu. Tundu la pua ya kalamu ya mzee lina kipenyo cha milimita 0.3. Punje ya rangi iliyokauka, isiyoonekana kwa jicho, inatosha kuugeuza ukungu kuwa mate.

Mzee aliyajua haya kwa gharama. Kanuni za uchukuzi zilizopewa jina la Waziri John Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004. Matatu zikatakiwa kuwa na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Abiria wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Kwa mchoraji, hata hivyo, mstari ule ulikuwa barua ya kufutwa kazi. Jioni alipoambiwa na mwenye gari auache mchoro nusu na aufunike kwa rangi moja, kikombe chake kilikuwa bado na rangi iliyochanganywa na kikazishi. Hakuiosha kalamu. Aliifunga kwenye gazeti, akaitia chini kabisa ya sanduku la vyuma, akaenda kuuza mitumba Gikomba.

Miaka 10 ikapita. Mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliposema hadharani kwamba vijana waachwe wazipambe matatu, mwenye gari mmoja alimtafuta mzee. Sanduku likafunguliwa. Rangi nyingi za gari hulainika tena zikitiwa thina, hata baada ya muda mrefu. Ile iliyotiwa kikazishi haiyeyuki, kwa kuwa haikauki tu bali hugeuka kuwa kitu kingine. Sindano ilikuwa imeshikamana na pua. Alipoivuta kwa koleo, pua ilikatika, na kipande chake chenye hesi kikabaki ndani ya mwili wa ala. Kazi ikamwendea kijana mwingine. Mzee hasemi kwamba aliadhibiwa. Husema tu kwamba aliyekasirikiwa ilikuwa serikali, na aliyenuniwa ikawa kalamu.

Kalamu ya sasa ni ya pili, na haioshi peke yake tena. Pua yake ni ndogo kuliko punje ya mchele, ilhali macho ya mzee huona mbali tu na vidole vyake vimepoteza hisi ya vitu vidogo. Anayeivua na kuivisha ni mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari. Mzee huketi kando na kusikiliza.

Kubadilisha rangi katikati ya kazi hakuna mambo mengi. Masalio humwagwa, kikombe hufutwa kwa kitambaa, maji hutiwa na kupulizwa hadi yatoke meupe. Rangi za maji anazotumia siku hizi hukauka upesi kwenye ncha ya sindano, hivyo brashi iliyoloa huwa karibu ya kuipangusa. Kazi yenyewe hufika jioni. Msichana huziba pua kwa kitambaa na kubonyeza kifyatulio polepole. Hewa, ikikosa pa kutokea, hurudi nyuma na kuyatibua maji kikombeni. Mzee huita tendo hili kusukutua, na hapana shaka hakuna neno litakalolifaa zaidi: ala yenye pua na koo itafanya nini kingine kabla ya kulala? Maji hayo hupulizwa ndani ya chupa yenye kifuniko, si hewani. Katika miaka ya tisini kinga ya mzee ilikuwa leso iliyofungwa usoni, na kikohozi chake cha alfajiri mjukuu anakisikia.

Kisha sindano huchomolewa. Hufutwa kutoka shinani kuelekea nchani, kamwe si kinyume, maana ncha humchoma mtu na, lililo baya zaidi kwa mzee, hupinda. Huviringishwa juu ya kipande cha kioo, ikichezacheza, imepinda. Pua hufunguliwa kwa spana ndogo iliyokuja na kalamu na kusafishwa kwa brashi laini. Pini hairuhusiwi humo, kwa kuwa hulitanua tundu, na tundu likitanuka halirudi. Ala nzima nayo haitumbukizwi kwenye thina kama mihogo kwenye maji. Thina huvimbisha pete za mpira zilizo ndani.

Wakati wa kuirudisha pua ndipo mzee huacha hata kutafuna. Msichana huizungusha kwa vidole, kisha kwa spana, kidogo, kidogo tena.

“Bado inasogea, Babu.”

“Basi, mama. Ikishakaa, imekaa.”

Hesi ya pua ni nyembamba mno. Mkono unaotaka uhakika zaidi ndio unaoikata, na pua mpya huagizwa ng'ambo kwa pesa ambazo matatu za plaiwudi haziingizi. Ikiachwa legevu, nayo husema: maji kikombeni hutoa mapovu hata pua isipozibwa. Sindano huingizwa mwisho, taratibu, hadi itakapogusa tu, baada ya kupakwa tone la glisirini.

Kumaliza, msichana hupuliza maji safi juu ya gazeti kuukuu. Doa likiwa la duara kamili, mzee huzima kompresa na kufungua kizibo cha chini ili maji yaliyojikusanya tangini yatoke. Likiwa limeelemea upande mmoja, hakuna anayesema neno. Kioo hutolewa tena, na sindano huviringishwa upya chini ya taa.