Udongo Uwahi Ungali Maji

Nafanya kazi ya kuweka seva hapa Juja, Kenya, na kuna kioja kinachonijia mara kwa mara. Mtu ananunua mtambo wa diski 12, kila moja ya terabaiti 4, akaziunganisha kwa RAID 6 zikawa kama diski moja. Nafasi ya diski mbili inaliwa na akiba ya kukinga data diski zikifa, anabaki na terabaiti 40 za kutumia. Mfumo wa Linux unakubali kuingia vizuri. Kisha anapima nafasi na kukuta imekomea terabaiti 2.2. Diski zote zinawaka taa, zote zinakula stima, lakini sehemu kubwa ya ghala haifikiki.

Chanzo ni jedwali dogo mwanzoni kabisa mwa diski, linaloonyesha kila kigawanyo kinaanzia wapi na kina urefu gani. Jedwali la zamani, MBR, lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1983. Linahesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 32, na namba hiyo haivuki 4,294,967,296. Zidisha kwa 512 utaiona ile 2.2.

Wengi huwacheka waliolitunga. Mimi siwacheki. Diski ya kompyuta ya IBM ya mwaka huo ilikuwa ya megabaiti 10. Waliacha nafasi ya kukua zaidi ya mara laki mbili. Nani kati yetu huacha nafasi kama hiyo? Hata chuo chetu cha JKUAT kilipoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati, kwa msaada wa Japani, sidhani kuna aliyeuona mtaa jirani wa Gachororo ulivyo leo, nyumba za wapangaji zikibanana hadi ukingoni mwa barabara. Mpaka unaotubana leo mara nyingi uliwekwa na mtu mwenye busara, kwa mahitaji ya siku zake.

Dawa ipo: jedwali jipya, GPT, linalohesabu kwa biti 64 na kuweka nakala yake mwishoni mwa diski. Kuliweka kwenye diski tupu ni amri moja ya sekunde chache. Ukitaka kutulia zaidi, mfumo wenyewe uweke kwenye diski mbili ndogo za pembeni, zile kubwa ziachie data peke yake. Mtambo ukikataa kuwaka, mali haiguswi.

Lakini ngoja mwaka upite, data ijae. Sasa kubadilisha mpangilio kwa usalama ni kuhamisha kila kitu kwanza. Terabaiti 30 kwa waya wa megabaiti 100 kwa sekunde ni siku tatu na nusu, usiku na mchana, stima zisipopotea. Na ni nani mwenye terabaiti 30 za kukuazima?

Hapo ndipo kazi hii iliponifunza kuhusu watu. Tazama vyama vyetu vya kuchanga. Chama kikiandika katiba mkoba ukiwa na elfu kumi, wanachama hucheka na kukubaliana: anayetoka anapewa nini, anayefariki anarithiwa na nani. Kikishanunua ploti Juja Farm, kila kifungu kina mwenyewe, na kubadilisha sentensi moja ni kumgusa mtu mfukoni. Sheria ni ileile. Kilichobadilika ni mzigo ulioketi juu yake.

Tunaahirisha mambo ya mwanzo kwa sababu mwanzoni hayaumi. Kumbe kutouma kwake ndiyo bei nafuu tutakayopata. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kuna mkataba, ahadi au mazoea ambayo tayari unajua yatakubana, yarekebishe wiki hii. Mwakani utaweza bado, lakini utalipia kuhama.